Mdudu Niliyemtoa kwenye Picha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilianza kwa kuvuka feri ya Likoni nikiwa nimekumbatia pande la barafu ndani ya gunia la maranda. Nilikuwa nimelifuata kisiwani tangu alfajiri, na maji yake yalikuwa yakinitiririka hadi kwenye viatu. Waliokuwa karibu nami wakanitania kwamba nimebeba maiti ya samaki. Mimi nilikuwa nakwenda kupiga picha ya chungu, wale wadudu.

Jana ulinionyesha picha uliyopiga ya kichwa cha nzi, macho yake yamejaa kioo kizima. Nilikusifu kwa haki, maana ni picha nzuri na umejua kuiacha nafasi upande anaotazama. Lakini nilipogeuka kando nilikuwa namkumbuka Bi Mwanasha wa Mtongwe, na nimeona heri nikusimulie habari zake mapema, kabla watu hawajakusifu sana.

Ilikuwa miaka ya vita vile vikubwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na chumba kimoja cha kupigia picha hapo Likoni. Kazi iliyonilisha ilikuwa picha za maharusi, na za wafanyakazi wa bandarini waliotaka jamaa zao bara waone kwamba wanavaa koti. Kazi niliyoipenda ilikuwa nyingine. Kamera yangu ilikuwa ya zamani, ya mvukuto, na niligundua kwamba nikiuvuta mvukuto ule mpaka mwisho na kuisogeza lenzi karibu kabisa, siafu alikuwa anakuja kukaa kwenye kioo cha nyuma akiwa na ukubwa wa kiganja changu. Kichwa chini miguu juu, ndivyo kamera zile zilivyoonyesha, lakini kila unywele wake unauona.

Ilikuwa kazi ya subira. Ukiuvuta mvukuto mwanga unakufa, kwa hiyo lenzi inabidi ikae wazi huku unahesabu mpaka arubaini, na mdudu asitikisike. Mahali panapoonekana sawasawa ni pembamba kama ukingo wa ukucha. Ukilipata jicho umeukosa mguu. Basi unakiweka kitu chako juu ya kiberiti, unakisukuma kwa ncha ya sindano, unarudi chini ya kitambaa cheusi kutazama, unatoka tena kusukuma. Na unachagua. Uzi mmoja wa utando wa buibui, ambao kwa macho huuoni, mle ndani unakuwa kamba inayokata picha katikati. Nilikuwa na unyoya wa kuku wa kuondolea vitu kama hivyo, na niliringa sana kwa unyoya ule.

Sifa zangu zikamfikia Bwana Nasoro, mnunuzi wa mbata, yaani nazi zilizokaushwa, wa upande wetu wote ule. Mwaka huo minazi ilikuwa ikipukutisha vidaka, yaani vile vinazi vichanga kabisa, kabla hata havijawa vitale. Bila kidaka hakuna nazi, na bila nazi hakuna mbata. Bwana Nasoro alikuwa amewaona maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wakitambaa juu ya vidaka vilivyoanguka. Akaniambia, "Nipigie picha ya huyo mdudu anayeharibu vidaka. Iwe kubwa, hata asiyejua kusoma amtambue. Nitaichapisha na kuibandika kila baraza."

Nilifurahi kiasi cha kusahau kuuliza ni mdudu gani hasa.

Akanielekeza kwa Bi Mwanasha kwa sababu shamba lake lilikuwa karibu. Alikuwa mjane wa makamo ya miaka sitini hivi, mwenye minazi aliyoachiwa na mumewe na kibanda cha makuti chenye ukumbi safi. Jambo la kwanza nililoliona pale ni kamba. Kutoka mnazi hadi mnazi, juu kabisa, palikuwa na kamba za makumbi zimefungwa, na juu ya kamba hizo maji moto walikuwa wakipita kwenda na kurudi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza zile kamba ni za nini.

"Ni njia zao," akasema. "Hawa ndio walinzi wangu. Mnazi wenye maji moto hauangushi kidaka. Mnazi usio nao, tazama ule pale, chini yake pameenea. Mama yangu alifunga kamba, na mimi nafunga."

Nilimsikia vizuri. Nikasema, "Inshallah, bibi," na nikaendelea kufungua miguu ya kamera.

Mkwezi akapanda na kunishushia kole zima kwa kamba, polepole, likiwa na vidaka vyake na maji moto juu yake. Tukaliweka ndani ya debe pamoja na lile pande la barafu. Baridi inawalevya wadudu. Huganda pale pale walipo kwa muda wa kutosha, halafu huamka na kwenda zao. Nilipolitoa, nikalilaza mezani ukumbini, nikatandika kanga nyeupe upande mmoja ili irudishe mwanga, nikaingia chini ya kitambaa.

Nilichokiona nakieleza kama kilivyokuwa. Palikuwa na kidaka chenye jeraha jeusi, na kando ya jeraha tone la utomvu linang'aa. Palikuwa na mdudu wa rangi ya udongo, mrefu kidogo, ambaye mdomo wake kama sindano ulikuwa bado umezama ndani ya kidaka. Na palikuwa na maji moto watatu wamemkamata huyo mdudu, wamekwisha kumng'oa miguu miwili na bawa moja. Yote yalikuwa wazi. Lakini kama picha ilikuwa fujo. Mdudu amevunjika, hana umbo. Ubavu wake umeziba tone la utomvu. Chungu wawili wametoa migongo tu. Jicho halijui litue wapi.

Nikachukua unyoya wangu. Nikawapangusa chungu wawili, kisha nikamng'oa yule mdudu na kumwangusha sakafuni. Akabaki chungu mmoja mzuri, kichwa kimeinama juu ya jeraha, taya wazi, na lile tone likimetameta mbele yake.

Bi Mwanasha alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akasema, "Huyo wamtupiani? Huyo ndiye mwizi."

"Ananiharibia picha, bibi," nikamjibu.

Nikahesabu arubaini, nikafunga lenzi.

Nilipoisafisha picha ile chumbani kwangu, niliirudia kuitazama mara tatu. Mpaka leo sijapiga nyingine iliyopangika vile. Nuru ilitoka kwenye tone, ikapanda kwenye taya, ikapotea kwenye mgongo, na nyuma yake giza tupu. Nilimpelekea Bwana Nasoro kwa fahari. Akaitazama sana, halafu akauliza swali ambalo nimelijibu upya mara nyingi tangu hapo, nikiwa peke yangu.

"Kwa hiyo ndiye huyu?"

Nikasema, "Ndiye niliyemkuta juu ya jeraha."

Angalia maneno hayo, mwanangu. Hakuna neno moja la uongo ndani yake.

Picha ikabandikwa kila mahali, Likoni, Mtongwe, hata ng'ambo Changamwe, na chini yake maneno kwamba viota vya mdudu huyu vichomwe, na kwamba Bwana Nasoro hatanunua mbata ya shamba lenye viota. Watu wakakusanyika mbele ya zile karatasi. Wazee waliokuwa wameishi na maji moto maisha yao yote wakashangaa kuona jinsi alivyo na taya za kutisha. Mmoja akasema kamera imeona tusichokiona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na nilifurahi, sikufichi.

Mienge ya makuti ikapandishwa minazini. Bi Mwanasha alikataa kwa majuma kadhaa. Aliwaambia ndugu wa mumewe waliokuja kumsihi kwamba aliyaona kwa macho yake, kwamba palikuwa na mdudu mwingine. Wakamuuliza, mbona hayumo kwenye picha? Mbata yake ikawa inaoza ukumbini. Mwisho akawaruhusu, wakakata kamba na kuchoma.

Msimu uliofuata vidaka vilianguka maradufu, kwake na kwa wengine. Mimi niliyajua hayo. Nilijua pia sababu yake, tangu siku za mwanzo, na nilinyamaza, kwa kuwa Bwana Nasoro alikuwa amenipa kazi nyingine za wadudu, kupe na fukusi, na watu wa kisiwani walianza kunitaja jina. Nilijiambia pengine ni ukame. Nilijiambia mimi mpiga picha tu. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na yote yalinitosha mchana.

Basi siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Mwanasha akaingia chumbani kwangu. Alikuwa amebeba kanga iliyojaa. Akaifungua juu ya meza yangu, vikamwagika vidaka vyeusi, vingine vikabingirika hadi chini.

"Nimeuza kipande cha chini, cha upande wa maji," akasema. "Cha juu nacho nakiuza, kama mambo ni haya. Sikuja kukugombeza. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu, unijibu, niende zangu. Siku ile mimi nalikuwa nimesimama hapo nyuma yako. Nikakwambia. Je, hukunisikia?"

Nikamwambia nilimsikia.

"Basi nilidhani u kiziwi," akasema. "Ningekusamehe upesi."

Akakunja kanga yake akatoka. Vidaka akaviacha. Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli, ambayo mtu hawezi kukaa nayo kitini. Alasiri ile ile nikaenda kwa Bwana Nasoro na kumweleza kila kitu, hadi unyoya. Akaniambia kwamba karatasi zimekwisha bandikwa, kwamba yeye si mtu wa kuonekana mjinga mbele ya wakulima, na kwamba asinione tena pale. Kazi za wadudu zikaisha siku hiyo.

Nilikuwa nimebakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha, na vingine havikupatikana kwa sababu ya vita. Nikakitumia. Nilikwenda Jomvu Kuu, ambako mienge haikufika, nikatafuta kwa siku tatu mpaka nikapata kole lenye vita kama vile nilivyoviona kwanza. Sikutumia barafu wala unyoya. Picha ikatoka ovyo, chungu mmoja ametikisika akawa ukungu mtupu, mdudu yule amekatwa nusu. Lakini mdomo wake ulionekana umo ndani ya kidaka, na maji moto walionekana wamemshika. Nikaenda nayo baraza kwa baraza, kila ilipobandikwa ile nzuri, nikisema kwa kinywa changu kwamba ile ya kwanza niliifanyia hila. Wengine walinicheka. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Wachache waliacha kuchoma.

Halafu nikarudi Jomvu Kuu na gunia, nikakata viota saba, nikavuka navyo. Gunia lilikuwa na tundu. Sitasahau jinsi abiria wa feri walivyohamia upande mmoja wote, na mimi peke yangu upande wa pili nikijikuna na kuomba radhi. Mimi na mkwezi tulivitundika kwenye minazi ya Bi Mwanasha iliyobaki, tukafunga kamba upya. Viota viwili vilikufa. Vitano vilishika. Kipande cha chini hakikurudi mikononi mwake mpaka anafariki.

Nilimwonyesha ile picha ya pili, kwa kuwa nilitaka aione. Aliisogeza mbali, akaikaribia, akacheka kidogo. "Mbaya hii," akasema. "Lakini hakuna aliyeachwa nje."

Sasa nakuusia, mwanangu. Kupiga picha za vitu vidogo ni kuchagua, na kadiri unavyosogea karibu ndivyo unavyotupa vingi. Hilo halina dhambi, ndiyo kazi yenyewe. Lakini kabla hujakigusa kitu kwa unyoya, toka chini ya kitambaa. Muulize mwenye shamba kile unachokitoa ni nini, na akikujibu, jibu lake lipime kuliko uzuri wa picha. Na utakapoulizwa, "Ndiye huyu?", usitafute jibu ambalo halina uongo. Sema unalolijua lote, na ulilolitupa pia. Nyumba ya mtu inaweza kuwa imesimama juu ya kile ulichokifagia sakafuni, naye yupo nyuma yako, anakutazama unavyofagia.

Mola akuzidishie wepesi wa mkono na akupe sikio la kusikia. Asikuandikie sifa zinazolipwa na mtu mwingine. Siku utakayokosea, nawe utakosea, akuletee mapema mtu wa kukumwagia makosa yako mezani, na akupe miguu ya kwenda kuyatengeneza. Radhi zangu unazo.