Ombi Lililolala Siku Saba

Laini maalum ya kliniki ya Mwingi nilikuwa karibu kuimaliza. Nyaya zilishaingia. Kilichobaki ni intafesi pepe, yaani mlango usioshikika unaotengenezwa kwenye kompyuta ndani ya laini hiyo, ili picha za eksirei zipite moja kwa moja hadi klaudi, yaani hifadhi ya mtandaoni, daktari bingwa azisome akiwa Nairobi. Picha ya kwanza kwenye foleni ilikuwa ya mgongo wa mama yangu. Safari ya gari ilimtesa, nami nikamwambia atulie nyumbani, picha itamsafiria. Nilijigamba, nasema ukweli.

Mlango huo ukishaundwa, mwenye akaunti ya klaudi hutumiwa ombi aukubali. Siku saba zikipita hajaukubali, unafutika. Mwenye akaunti alikuwa mwenyekiti wa kliniki, mzee wa kanisa. Nikamwonyesha pa kubonyeza.

"Kijana yangu, hii ni kitu ya watu wote," akasema. "Siwezi finya peke yangu. Wacha kamati ikae, tuombe, ndio nifinye."

Kikao kikawekwa siku ya tano. Siku hiyo mmoja wao alikuwa na mazishi Mbumbuni, na kwetu watu hawakai kikao mwenzao akizika. Wakasogeza hadi wiki iliyofuata. Nilikuwepo wakisogeza, siku nikizihesabu kichwani, nikanyamaza. Ningemharakishaje mtu wa umri wa baba yangu? Nikaiita heshima. Ulikuwa uoga tu.

Walipokaa na kuomba, mwenyekiti alifungua ukurasa, hapakuwa na ombi lolote. Kampuni ya laini, inayounda milango hiyo, ikanirudisha mwisho wa foleni. Kila wiki waliniambia wiki ijayo, na kila jioni mama aliniuliza kama picha imefika. Nilimjibu bado kidogo, huku nikijichukia.

Ukapita mwezi na zaidi. Mwishowe nilimlaza mama kwenye kiti cha nyuma, tukaenda Nairobi akiuma leso njia nzima. Daktari aliitazama picha, kisha akanigeukia mimi.

"Mlikuwa wapi? Hii ingeletwa mapema, angetembea."

Mama, aliyewahi kunichapa utotoni kwa kudanganya kuhusu kijiko kimoja cha sukari, alijibu kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi nilikataa kuja, daktari. Huyu alinibembeleza sana."