Mstari Ambao Zella Hakuupokea

Orpha Stidham ameimba miaka arobaini na moja katika kumbi za milima ya Kentucky, na mama yake hakuwahi kwenda kumsikia. Siku za kazi Orpha alipika kwenye shule ya msingi. Jumamosi alivaa buti zake za kijani na kubeba gitaa. Ujanani aliwahi kuishi Nashville, mji wa wanamuziki, miaka mitatu. Akatoa santuri moja, redio zikaipiga kiangazi kizima, kisha zikaiacha. Akarudi nyumbani bila kumlaumu mtu.

Wimbo uliompeleka redioni ulikuwa juu ya mama yake, siku Orpha alipopanda basi kwenda Nashville. Ulipofika mstari wa tatu watu walitoa leso:

*Mama alilia barazani, basi likashuka mlimani.*

Mama huyo, Zella, alikuwa muumini wa kanisa la bondeni, ambamo hakuna kinanda wala gitaa. Kiongozi hutoa mstari, waumini huupokea kwa kuuimba tena polepole, bila mdundo, kama ukungu unavyopanda. Sheria hiyo ya kanisani ya kutopiga ala Zella aliileta mpaka mlangoni pake.

Agosti moja Zella alikuwa na miaka themanini na minane, na daktari alishasema moyo umechoka. Orpha alitaka jambo moja tu: mama ausikie wimbo ule kabla hajaondoka.

Walikuwa barazani wakitunga maharagwe mabichi kwenye uzi, ya kukaushwa kwa ajili ya baridi.

"Mama, nikuimbie ule wangu?"

"Hilo sanduku lako la nyuzi liko wapi?"

"Nimeliacha garini."

"Likae huko huko. Na huo mguu wako uutulize, unapigapiga kama sungura."

Orpha akabana miguu chini ya kiti. Akauimba mstari wa kwanza, taratibu. Zella, macho kwenye sindano, akaupokea kama wapokeavyo kanisani, kwa sauti nyembamba iliyovuta kila neno. Orpha nusura anyamaze kwa mshangao. Akatoa wa pili. Mama akaupokea. Mguu ulitaka kucheza. Akalishika goti kwa mkono.

Akatoa wa tatu.

Zella akachoma ganda, hakuupokea. Ng'ambo ya kijito mbwa wa jirani alibweka, akaacha. Bondeni kwao, mstari usiokubalika haupokewi. Hata mchungaji huachwa nao peke yake, hewani.

"Umesahau, Mama? Niurudie?"

"Nimeusikia. Sikulia mimi."

"Ni wimbo tu, Mama."

"Kwani wimbo ndio ruhusa ya kunisingizia? Siku ile nilikuwa hapa hapa natunga maharagwe. Nilitunga mpaka uzi ukaisha. Baba yako akarudi kutoka mgodini, akauliza, we Zella, nani atakula yote haya? Mmoja si ameondoka?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia anawe mikono aje kula." Akachoma ganda jingine. "Haya, toa mstari. Kazi haijaisha."

Orpha akavuta uzi wake. Mstari ule ulikuwa umemlisha, umemfungulia milango, umewaliza watu wasiomjua Zella. Kisha akatoa mwingine, ambao hakuwa ameuandika popote:

*Mama alitunga maharagwe mpaka uzi ukaisha.*

Zella akaupokea. Aliuvuta mrefu kuliko ile mingine, mpaka pumzi ikamwisha, akapumzika, akaumalizia.

Walimzika Novemba, theluji ya kwanza ikiwa bado nyepesi juu ya nyasi.

Tangu hapo Orpha anauimba wimbo huo hivyo. Leso zimepungua. Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, mzee mmoja alimkuta akifunga gitaa.

"Dada Orpha, ule mstari wa mama kulia umeupeleka wapi? Mimi huja kwa ajili ya ule."

"Samahani, kaka," alisema. "Mwenyewe hakuupokea."