Chaki na Matairi ya Mbele

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya shamba la ngano kule Timau, nilifika na ovaroli mpya nikitarajia kukabidhiwa spana. Foreman alinipa kipande cha chaki. "Spana utapata baadaye," akasema. "Kwanza jua tairi inatembea aje."

Nyinyi wa siku hizi mnasoma namba iliyo ubavuni mwa tairi, mnalipa, mnaondoka. Sisi tulipiga mstari wa chaki kwenye tairi, trekta ikatembezwa pole pole uwanjani, tukapima umbali wa mizunguko kumi. Trekta inayovuta kwa magurudumu yote manne ina matairi madogo mbele na makubwa nyuma, na gia huyaunganisha. Ya mbele lazima yatangulie kidogo tu. Yakichelewa, husukumwa na kukwaruzwa na ardhi mpaka yawe vipara, kisha giaboksi nayo iharibike. Na hata namba zikifanana, viwanda viwili vinaweza kutengeneza matairi yasiyolingana. Baridi ya Timau ilitupasua vidole, lakini nilizipenda asubuhi zile na bado nazitamani.

Mwaka niliopandishwa cheo kuwa fundi mkuu wa matairi, tulihitaji mawili ya mbele na mvua ilikuwa karibu. Nilikwenda Meru mjini, nikasoma namba, ikafanana na ya zamani, nikanunua. Sikupima. Nilijiona mkubwa mno kuinama na chaki.

Kabla msimu haujaisha, matairi yalikuwa vipara. Meneja alimlaumu dereva, Mutwiri, kwamba anakimbiza trekta barabarani huku gia ya mbele ikiwa imeingizwa. Akamwondoa kwenye trekta, akampa ufagio wa stoo, akasema Ijumaa atamfuta kazi. Mutwiri alikuwa na watoto wanne shuleni.

Jumatatu, wenzangu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nilipima. Ya mbele yalikuwa yakichelewa. Kosa lilikuwa langu. Nilifuta chaki kwa kiganja, nikanyamaza. Niliogopa, sina neno jingine la kutumia.

Alhamisi Mutwiri aliniletea chai kwa kikombe cha flaski yake. "Fundi, hizo tairi zako zilikuwa sawa," akasema. "Labda ni mimi nimezeeka." Nikamrudishia kikombe kikiwa bado kimejaa. Nikaenda ofisini.

"Nani alichagua hizi tairi?" meneja akauliza.

"Ni mimi, bwana. Na sikupima."

Mutwiri alirudishiwa trekta yake. Mimi nilirudishwa kuziba pancha kwa miezi mingi, na nilistahili.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Runyenjes na kahawa yangu. Wenye trekta za kukodisha bado hunipigia simu wakitaka kubadilisha matairi, nami huenda na chaki mfukoni. Juzi Mutwiri alinitembelea. Tukiwa tumekaa, nikaona nimwambie nililomficha miaka yote: kwamba nilijua tangu Jumatatu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Si nilikuwa stoo? Nilikuona kwa dirisha ukipima, halafu ukifuta."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekusema mimi, wangekufuta. Ukijisema mwenyewe, ungeachwa. Nikangoja. Kufika Alhamisi nikaona siku zinaisha, ndio nikakuletea chai."