Kastabini ya Bi Pindo

Siku ambayo Bi Pindo alimkabidhi wifi yake mkasi mkubwa na kumwambia, "Utumie tu, ukitaka hata nenda nao nyumbani," ndiyo siku wifi alipojua kwamba pana jambo.

Maana mkasi ule haukuwa wa kuazimwa. Kwa miaka ishirini na miwili ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake nyuma ya cherehani, umefungwa utepe mwekundu, na kila aliyeingia katika chumba kile cha kushonea alilijua sharti: gusa kitambaa, gusa uzi, gusa hata chai ya fundi, lakini mkasi usiuguse. Binti yake aliwahi kuutumia kukatia karatasi ya shule, akaambiwa maneno ambayo mpaka leo, naye ni mzazi, huyasimulia kwa kunong'ona. Hata jina la Bi Pindo lilitokana na ukali huohuo. Pindo la gauni likienda upande kwa upana wa uzi mmoja tu, alilifumua lote akaanza upya, hata kama bibi harusi amesimama mlangoni na viatu miguuni.

Wifi huyo, dada wa mume wake, alikuwa akishona vifungo na kupiga pasi katika chumba hichohicho. Kazi yake ya pili, ambayo aliifanya kwa bidii kuliko ya kwanza, ilikuwa kumtania mke wa kaka yake. Lakini siku hiyo utani ulimkauka mdomoni. Aliutazama mkasi, kisha akamtazama mwenye mkasi.

"Wifi, unaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Mkasi."

Bi Pindo alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kama mshono wa mtu mwenye haraka: mrefu, uliolegea. Ni kweli alikuwa anaumwa, ingawa neno hilo hakuwa amelitamka hata mbele ya mumewe. Jambo lilianza miezi mitatu nyuma, kwa mwasho mdogo chini ya titi la kushoto. Akaupuuza, anayeketi siku nzima karibu na pasi ya moto atakosaje kuwashwa? Baadaye ngozi ya mahali hapo ikawa nyeusi kuliko kwingine, ikakauka na kutoa magamba, kisha ikapasuka na kutoa majimaji yaliyogandia kwenye sidiria. Halafu ile alama ikaanza kupanda kuelekea chuchu.

Kwa Bi Pindo, kila doa duniani lilikuwa ni uchafu uliokosa mtu wa kuusugua. Basi akapambana nalo hivyo. Aliliosha kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, akalipaka dawa ya maji ya kuulia vijidudu, akalinyunyizia poda ya manukato ili kukausha. Kadiri alivyosugua ndivyo ngozi ilivyozidi kukasirika. Ndipo akamkumbuka shangazi yake, aliyefariki kwa saratani ya titi, na tangu siku hiyo hakujiuliza tena anaumwa nini. Aliona kwamba anajua. Mtu akishajipa jibu la namna hiyo, huanza kuliishi: mteja aliyetaka gauni la miezi minne ijayo aliambiwa, "Tuone kwanza," na mkasi ukashuka msumarini.

Wifi alifunga mlango, akageuza kibao kilichoandikwa *Nimetoka kidogo*.

"Sema, au namwita kaka yangu sasa hivi."

"Mwache kaka yako na redio zake," Bi Pindo alisema. Mumewe alikuwa fundi wa redio, na kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa barabara.

"Basi nionyeshe."

Bi Pindo alifungua vifungo vya blauzi taratibu. Wifi aliinama, akalifuata doa kwa macho kutoka chini mpaka karibu na chuchu.

"Miezi mitatu unalilea hili peke yako?" alisema hatimaye. "Mchoyo wewe! Si ungenigawia hata mwasho."

"Nitakwenda hospitali nikimaliza magauni."

"Magauni hayaishi, wifi. Wewe je?"

Kesho yake asubuhi walikuwa kwenye benchi la kliniki ya ngozi, Bi Pindo ameushika mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri hukumu. Daktari alikuwa mwanamke mpole, mdogo wao kwa miaka mingi. Kitu cha kwanza ambacho Bi Pindo alikiona kwake ni pindo la koti lake jeupe, lililofumuka upande wa kulia na kubanwa kwa pini ya karatasi. Hata katika hofu ile, kuliona kulimuuma.

Daktari alilitazama titi, akapapasa yote mawili na makwapani, akakagua chuchu kwa makini. Kisha akasema jambo lisilotarajiwa.

"Mama, hebu nione mikono yako."

Bi Pindo aliinyoosha. Ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia ilikuwa imekakamaa na kupasuka vistari vyembamba.

"Kidole hiki kimefanyaje?"

"Kimefanya kazi, mwanangu. Hicho ndicho kinachovaa kastabini."

"Kastabini ni nini?"

"Kikofia cha chuma cha kusukumia sindano."

"Na usipoivaa unaiweka wapi?"

Bi Pindo aliitazama sidiria aliyoivua na kuikunja mapajani. Kutoka kwenye kiti cha pembeni wifi akakohoa. "Daktari, bora uulize kitu asichokiweka humo. Hilo ni ghala."

Bi Pindo akaingiza mkono ndani ya sidiria, akatoa kipande cha chaki, vifungo viwili vya shati na utepe uliokunjwa, na mwisho, kutoka chini kabisa upande wa kushoto, kastabini yenyewe, ingali na joto. Aliyemfundisha kushona alikuwa akiiweka hapohapo. Kastabini iliyo mezani hupotea, alimwambia, ya kifuani haipotei. Naye akalishika somo kwa miaka ishirini na miwili.

Daktari alikisogeza kile kikofia karibu na ngozi bila kuigusa. Katikati ya weusi ule, pale mwasho ulipoanzia, mlikuwa na duara dogo. Mdomo wa kastabini na duara lile vilikuwa saizi moja, kama kifungo na tundu lake.

Wifi alijaribu kujizuia. Alishindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Bi Pindo, huku machozi yakimtoka kwa sababu ambazo mwenyewe asingeweza kuzitenganisha, akacheka naye.

"Huu unafanana sana na ukurutu," daktari alisema walipotulia. "Wengine huuita pumu ya ngozi. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu. Mwili unaweza kuvumilia madini fulani miaka mingi, kisha siku moja ukayakataa. Kidoleni ngozi ni nene, imejitetea; huku ni laini, tena kuna jasho. Halafu sabuni, dawa na poda vikaongeza chumvi kwenye kidonda."

"Kwa hiyo siyo ile?"

Daktari hakukimbilia kumfurahisha. "Sijapapasa uvimbe wowote, na hilo ni jema. Lakini ni titi moja tu, na limekaribia chuchu. Kuna saratani, ni nadra, inayojificha kwa sura ya ukurutu. Tutatibu kwa wiki tatu. Ukipona, tumepata jibu. Usipopona, nitachukua kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Hatutabahatisha."

Wiki tatu! Bi Pindo alizipokea kama kitambaa adimu: kwa uangalifu, bila kukata ovyo. Krimu ya dawa alipaka nyembamba mara moja kwa siku, kwa idadi ya siku alizoandikiwa tu. Mafuta mazito yasiyo na harufu alipaka kila alipotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji yakawa ya uvuguvugu, poda ikahamishiwa kwa wifi. Alijishonea sidiria nne za pamba laini, mishono imegeuziwa nje, na kila alipozifua alizisuuza mara mbili. Mwasho ulipokuja, aliweka kitambaa chenye maji baridi badala ya kucha.

Kigumu kilikuwa mkono. Mkono haukujua habari za daktari. Kila sindano ilipotua, ulienda wenyewe kifuani.

"Mkono!" wifi alifoka, na kuupiga kwa rula. "Ghala limefungwa!"

Mume, alipoelezwa, alisema, "Miezi mitatu, mke wangu, na mimi nipo ng'ambo ya barabara?" Jioni hiyo alikuja na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaifunga pembeni mwa meza ya cherehani. Kastabini ya chuma ikanata hapo kama mstaafu aliyepewa kiti, na sindano zikaizunguka. Bi Pindo akajishonea kastabini nyingine ya ngozi ya mbuzi.

Siku ya kurudi kliniki, wifi alipiga miayo njia nzima, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili yake ya wasiwasi. Daktari alitazama, akapapasa, akasogeza taa, akatazama tena. Ngozi ilikuwa imefunga. Magamba hayakuwapo, wala majimaji. Kilichobaki ni kivuli cheusi kilichoanza kufifia.

"Hapa sina cha kukata," alisema. "Weusi utachukua miezi. Ukurutu wenyewe unaweza kurudi, maana ngozi yako sasa ina kumbukumbu. Ukirudi, njoo. Usiufiche, wala usiusugue."

Bi Pindo alivuta pumzi ndefu. Kisha akanyoosha mkono. "Vua koti."

"Mama, wagonjwa wanasubiri."

"Dakika tatu. Mimi nimesubiri wiki tatu kulishona pindo hilo."

Daktari akavua.

Waliporudi, jambo la kwanza Bi Pindo alilolitazama ni ule msumari mtupu nyuma ya cherehani.

"Wifi, mkasi wangu."

"Mkasi gani? Si ulinipa?"

"Nilikuazima."

"Ulisema niende nao nyumbani. Nao umeshazoea. Unatusaidia sana jikoni."

"Jikoni!"

"Na juzi nimekatia karatasi."

Sauti iliyotoka katika chumba kile ilivuka barabara. Mkasi, kwa hakika, ulikuwa ndani ya mkoba wa wifi, umepakwa mafuta ya cherehani na kuviringishwa kitambaa safi, lakini hakuwa na haraka ya kuutoa. Alikuwa ameikosa sauti hiyo kwa miezi mitatu. Ng'ambo, mteja wa redio alishtuka. "Kuna ugomvi?"

Fundi wa redio alikuwa ameshaweka chini bisibisi yake, anasikiliza huku anatabasamu.

"Hapana," alisema. "Mke wangu amepona."