Kitufe Kile ni Mtoto wa Nani?

Niliitwa mla rushwa mbele ya madereva wa malori, hapa Tunduma, kwa sababu ya kitufe. Leo mimi ni mstaafu, na nataka jambo hilo lisimuliwe kama lilivyokuwa.

Asubuhi hiyo kitufe cha "Idhinisha" hakikuwepo kwenye skrini yangu, na bila hicho nisingeweza kuruhusu lori livuke kwenda Zambia. Mkuu wa ofisi yetu ya forodha hakutaka kunisikiliza.

"Mama, kwa wenzako kipo. Sema tu unasubiri soda! Nitakuondoa kwenye kiti hicho leo hii."

Dereva mmoja akadakia dirishani: "Labda kitufe kimeshuka Kamsamba kununua mchele!"

Wakacheka. Mimi! Niliyekataa hata maji ya kunywa ya wafanyabiashara!

Fundi wetu wa kompyuta, dada wa Ileje, akavuta kiti. "Tusibishane na macho, mama. Tuiulize programu yenyewe."

Akaandika skripti fupi ya kusoma vyote vilivyomo ndani ya programu na kuvionyesha mstari kwa mstari: ukurasa mkuu juu, paneli, yaani sehemu za ukurasa huo, chini yake zikiwa zimesogezwa ndani kidogo, kisha visanduku na vitufe, kila kimoja chini ya kile kilichokibeba. Ukoo mzima ulikuwa umeanikwa pale!

"Hiki hapa! Idhinisha!" nilipaza sauti, nikasahau kabisa utaratibu wa ofisi.

Fundi akakunja uso. "Ajabu. Chenyewe kinasema kinaonekana."

Kwetu Iyula, mtoto mgeni akiingia uani haulizwi jina. Huulizwa ni wa nani.

"Mwanangu," nikamwambia, "mama yake ni nani?"

Akapandisha kidole juu ya mistari hadi kwenye paneli. Paliandikwa: imefichwa. Mama alikuwa amefichwa, na watoto wote wamefichika pamoja naye!

"Nani alitumia mashine hii jana?" fundi akauliza.

Mkuu akajikuna sikio. Alikuwa ameitumia yeye kufundishia wafanyakazi wageni, akaificha paneli wasije wakaidhinisha mizigo ya kweli, kisha akasahau.

Fundi akaifichua. Kitufe kikajitokeza, kijani kibichi!

"Basi yaishe, mama," mkuu akanong'ona.

"Hayaishii humu. Ulinitukana wakisikia wale."

Akaenda dirishani, akawaambia madereva kosa lilikuwa lake. Kisha yule dereva akaita: "Mama, kumbe kimerudi! Mchele uko wapi?"

Nilicheka, nikakibonyeza.