Kitanda cha Editha Ndani ya Hiace

Kaka yangu Kasiani hajui kusema hapana. Ndivyo alivyo tangu utotoni, na miaka thelathini ya kuendesha malori haikumbadilisha hata chembe. Alistaafu na mgongo mbovu, nyumba ya vyumba vitatu hapa Kiwalani, na Hiace moja chakavu.

Mkewe, wifi yangu Editha, alivunjika nyonga mwaka juzi. Kukaa kitako dakika kumi kwake ni adhabu, na basi la Makete ni safari ya kutwa nzima. Huko Makete ndiko aliko mama yake, bibi wa miaka tisini na kitu, macho yamekwisha. Kila akipigiwa simu anauliza jambo moja tu: Editha anakuja lini?

Basi kaka akang'oa viti vya Hiace, akamchomelea mkewe kitanda humo ndani. Akaweka godoro, mapazia, mtungi mdogo wa gesi, na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya haja. Kazi ilimla miezi mitano, maana akiinama kidogo tu lazima akae apumzike. Mwaka jana walishafunga virago, giaboksi ikafa. Jamani, sie wengine tulishachoka hata kuwaaga.

Safari ilibidi iwe Julai. Mvua zikinyesha, njia ya kijijini kwao ni tope tupu, Hiace haipandi. Kwa hiyo ni kipupwe, wakati umande wa Makete unaganda kwenye majani na mtu anaoga kwa kujilazimisha. Kaka akaziba nyufa za madirisha kwa sponji, akanunua chupa za mpira za kutia maji ya moto. Wangekwenda mchana tu kwa sababu ya ukungu, walale Mikumi, walale Makambako, siku ya tatu wafike. Alinieleza mpango huo mara nne, kila mara akisinzia katikati.

Kosa lake ni kutaja tarehe kwenye kikao cha sie watu wa Makete tunaoishi huku Dar. Kwetu sie, mtu akisikika anakwenda nyumbani, humwachi aende hivi hivi. Unampa mzigo awapelekee wazee wako, naye akikataa ni kama amewatukana. Na mizigo ya Julai ni blanketi, makoti, masweta ya mtumba, vitu vya kujaza nafasi. Wa kwanza kuleta nilikuwa mie. Blanketi mbili za shangazi, nikasema zitakaa pembeni tu.

Kila mtu alisema hivyo hivyo. Wakaja wa Temeke, wakaja wa Pugu. Kaka anapokea, anashukuru, anapanga, anaenda kulala. Ijumaa alasiri, kesho yake ndiyo safari, akaja Brightson, karani wa Kurasini, na gunia zima la makoti ya wazazi wake. Kaka akalipokea nalo.

Editha akatoka na magongo yake kuja kukiona kitanda. Kaka akafungua mlango. Kitanda hakionekani, ni marobota mpaka darini. Kaka akasema watabanana, mkewe atapata pa kuegemea. Mtu asiyeweza kukaa, eti aegemee.

Wifi hakugomba. Alinituma ndani nikamletee blanketi lake la kujifunika, nikamletea, akampa mumewe.

"Mfikishie mama," akasema. "Mwambie na mie nimetuma."

Kaka akakaa kwenye ngazi ya gari, blanketi mapajani. Uso ulikuwa umechoka mpaka nikamwonea huruma. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda wapange tena mwakani.

"Mwakani utampelekea nani?" wifi akamuuliza.

Nilipandwa na hasira, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Nikaingia kwenye gari, nikavuta furushi langu nikalitupa chini. Nikavuta gunia la Brightson. Mwenyewe alikuwa hajaondoka, akaniangalia kama nimemzaba kofi mama yake, na mie nikamwambia wazi kwamba basi la kesho lina buti, apeleke huko. Nikawapigia simu wengine. Walikuja kuchukua vyao wamenuna, mmoja hata salamu yetu hakuitikia. Kaka hakunisaidia wala hakunizuia. Alikaa tu, kila mtu akipita na robota lake, yeye anamwomba radhi.

Godoro lilipoonekana lote, Editha alisema apandishwe. Tukampandisha, akajinyoosha, akavuta blanketi lake mpaka kidevuni, na jua bado halijazama. Kaka akamkumbusha kwamba safari ni asubuhi, arudi ndani alale kitandani kwake.

"Sishuki," akasema. "Nikishuka mtajaza tena."

Chakula chake kaka alimletea humo humo.