Vidole Vyenye Piko

Siku ile ya uchaguzi kazi yangu ilikuwa vidole. Mtu akiingia, nilivitazama kama vina wino; akitoka, nilimchovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Karani mmoja alikuwa amejitoa siku mbili kabla, nami nilikuwa nimerudi Likoni majuzi tu baada ya miaka ya kuhamahama, Voi, Nakuru, Kitale, sina la kufanya. Nikajitolea. Mwenyewe sikuwa na kura ya kupiga hapo. Jina langu lilikuwa limebaki Nakuru.

Kituo kilikuwa darasa nililosomea, nyumba tatu tu kutoka tulipokuwa tukiishi. Nilingoja nihisi kitu. Sikuhisi.

Saa nne hivi akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa buibui. Akaninyooshea mikono kabla sijamwambia. Ncha za vidole vyote zilikuwa nyeusi kwa piko, ile rangi ya harusini.

"Nimeoza juzi," akasema. "Mwanangu wa mwisho."

Wakala wa mgombea mmoja, mwanamume wa bara, akainuka kwenye benchi lake. "Boss, hiyo ni wino. Huyu ashapiga mahali, akapaka vidole vyote ndio tusijue."

"Wino vidole kumi?" mama akamwuliza. "Kwani nimepiga kura kumi?"

Foleni ikacheka. Mtu akapaza sauti kutoka nje, "Mwacheni bibi harusi apite!"

Msimamizi wa kituo akampeleka kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Ikamkataa mara tatu. Jina lake lilikuwemo, wala halikuwa na alama ya kuonyesha kwamba amepiga kura, lakini wakala akasema akiruhusiwa yule, yeye hatatia sahihi fomu yoyote jioni. Msimamizi akanigeukia.

"Wewe ndiye mtu wa vidole. Hiki ni nini?"

Nilijua. Mama yangu alikuwa akipaka piko kila harusi ya jirani, nami nilikaa kando yake nikimnywesha chai, maana hakuweza kushika kikombe mpaka ikauke. Piko hukatika sawasawa penye pingili, kama imepigwa rula. Wino huchuruzika na kuingia pembeni mwa ukucha. Pembeni mwa kucha za yule mama palikuwa safi.

"Siwezi kusema," nikajibu.

Wakala sikumwogopa. Maneno nilikuwa nayo, sikuyatoa, basi. Nikamwita mtu anayefuata, nikamtazama vidole.

Mama akawekwa kwenye kiti karibu nami, msimamizi apige simu kwa wakubwa wake. Simu haikushikwa. Akapiga tena, haikushikwa. Watu wakaingia, wakatoka. Mama alikuwa akinitazama usoni.

"Mwanangu, wewe mtoto wa nani hapa?"

"Mimi si wa hapa, mama."

"Wallahi? Mbona wafanana na watu wa hapa."

Nikachovya kidole cha mtu mwingine. Baada ya kitambo mama akasimama, akaweka kitambulisho chake mkobani. "Nina wageni nyumbani, wanangoja kula. Hiyo simu ikishikwa, niiteni. Nyumba yenye turubai."

Simu ilishikwa saa nane. Wakubwa walisema jina kama halina alama, aruhusiwe. Msimamizi akauliza nani anaijua nyumba yenye turubai. Ningeweza kufika kwa dakika tano. Nikasema sijui mitaa ya huku. Lango la shule lilifungwa saa kumi na moja na yeye hakurudi.

Chupa ya wino ilikuwa ikivuja tangu asubuhi. Nilipofika nilikopanga, vidole vyangu vyote vilikuwa vyeusi hadi kwenye pingili. Nilivisugua kwa ndimu na mchanga, wino haukutoka. Wiki nzima, kila niliyekutana naye aliniuliza kama nilipiga kura. Nikawa namwonyesha mikono.